Bonde la Tandu: Kutoka Msituni Hadi Ufukweni

Jumatatu, msitu wa juu

Mvua imekatika alfajiri na majani bado yanadondosha. Tumeanzia huku juu kwenye chemchemi, na tutashuka na mto mpaka unapoingia baharini. Ninachokifuata ni tandu. Kwa muda mrefu nimeamini kwamba ukimkagua tandu vizuri, mwili wake wenyewe utakuambia anakolala, na nataka kulipima jambo hilo bonde zima, kuanzia penye mboji hadi penye chumvi. Wengi wetu tunamjua kwa dakika moja tu ya usiku, anapokatiza sakafuni na mtu anatafuta kiatu. Anastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ya huo.

Vifaa ni vichache: kibano kirefu, brashi laini, chupa za plastiki za mdomo mpana, lenzi ya kukuzia, rula na tochi za kichwani. Mzee anayetuongoza analijua bonde hili tangu ujana wake, na kabla sijagusa gogo la kwanza alinishika mkono.

"Mwanangu, livute lije upande wako. Uwazi uelekee kule mbele. Aliyelala chini akitoka, aende zake, asije miguuni pako."

"Na nikishamwona, mzee?"

"Unalirudisha kama ulivyolikuta. Hapo ni kwake."

Chini ya gogo hilo tulikuta jongoo tu. Niliwatazama kwa makusudi, maana wengi huwachanganya na tandu. Jongoo ni wa mviringo, karibu kila pingili ya mwili wake ina jozi mbili za miguu, anakwenda taratibu, anakula majani yaliyooza, na ukimgusa anajikunja. Tandu ana jozi moja tu kwa kila pingili, mwili umelala bapa, ni mwindaji, na ukimgusa anageuka kukukabili au anatoweka.

Tulimpata baadaye, chini ya gome la mti ulioanguka zamani. Wa jamii ya Scolopendra, sentimita 14 bila kuhesabu vipapasio wala miguu ya nyuma, amejibana kwenye upenyo ambao penseli ingeingia kwa taabu. Hapo ubapa wake ulijieleza wenyewe. Mwili wa mviringo wenye urefu ule usingeweza kuishi kati ya gome na mti.

Ndani ya chupa nikamkagua kwa nafasi. Mgongo wa kahawia iliyokolea, mstari wa kijani cheusi kwenye ukingo wa kila pingili, miguu ya manjano, jozi 21. Kichwa kimefunikwa na bamba moja, na kila upande wa bamba hilo kuna macho madogo manne, nukta nyeusi tu, ambayo kazi yake kubwa ni kutofautisha mwanga na giza. Mengine yote anayajua kwa vipapasio, navyo havikutulia: vilipapasa ukuta wa chupa, vikarudi mdomoni kusafishwa, vikatoka tena.

Nilipoigeuza chupa nikaona upande wa chini wa kichwa, na hapo ndipo penye kitu ambacho tandu pekee ndio wanacho. Kucha mbili nene, zimepinda, ncha zake nyeusi, zinakutana mbele ya mdomo. Wengi huziita meno. Asili yake ni miguu: ni jozi ya kwanza ya kiwiliwili, iliyoacha kutembea ikawa ya kukamatia na kudungia. Tezi ya sumu iko ndani yake, na kitundu cha kutolea sumu kiko karibu kabisa na ncha. Mtu akidungwa na tandu mkubwa hupata maumivu makali na uvimbe. Vifo ni nadra sana. Kwa mende au mjusi mdogo habari ni nyingine.

Jozi ya mwisho nayo haitembei. Ni minene, ina miiba midogo kwa ndani, na alikuwa ameiinua juu muda wote. Huitumia kushikilia mawindo, kujitetea na kuhisi kinachomjia kwa nyuma. Katika Afrika Mashariki yupo tandu wa jamii ya Alipes ambaye miguu yake ya mwisho imepanuka ikawa bapa kama majani, na akichokozwa huitikisa hadi inatoa mchakacho unaosikika. Nimemwona kwenye picha tu, na natamani kumsikia.

Tulimrudisha chini ya gome lake kabla ya saa sita.

Jumanne, msitu bado

Leo tumekwenda hatua chache mno, na sababu ni mama mmoja.

Alikuwa ndani ya gogo laini lililooza, katika chumba alichokichimba mwenyewe. Amejikunja kuzunguka fungu la mayai ya rangi ya manjano hafifu, upande wa tumbo ukiyakumbatia na miguu ikiyashika yasiguse udongo. Mzee alishusha tochi haraka, tukamtazama kwa mwanga wa pembeni. Kichwa kilikuwa kikipita juu ya mayai, moja baada ya jingine, akiyalamba. Kulamba huko ndiko kunakozuia ukungu usiyale. Hukaa hivyo kwa majuma bila kuwinda, na hata watoto wakitoka hubaki nao mpaka wamejivua gamba mara kadhaa na kuweza kujitegemea.

Tulifunika mapema. Mama aliyesumbuliwa sana anaweza kuyaacha mayai, au akayala.

Watoto wa jamii hii hutoka kwenye yai tayari wakiwa na miguu yao yote. Si tandu wote walio hivyo. Tandu wa mawe, wale wadogo wa kahawia wenye jozi 15 wanapokomaa, hutaga yai mojamoja, jike hulipaka udongo na kuliacha. Mtoto wa Lithobius, mmoja wa hao tandu wa mawe, huanza maisha na jozi 7, na nyingine huongezeka kila anapojivua gamba. Tandu wa miguu mirefu huanza na jozi 4 tu. Kwa hiyo ukikuta kitandu chenye miguu michache, usidhani kimekatika. Huenda bado kinakua.

Kuhusu uzazi kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Dume na jike hawajamiiani. Dume husuka utando mdogo wa hariri, huweka juu yake kifurushi cha mbegu, na jike hukichukua mwenyewe. Kabla ya hapo hupapasana kwa vipapasio, wakati mwingine kwa saa nyingi. Wawili wenye sumu hiyo wana kila sababu ya kwenda polepole.

Jumatano, mteremko wa mawe

Msitu umekwisha na jua limetuwakia. Nilitarajia leo iwe siku kavu kwa kila hali, na juu ya ardhi ilikuwa hivyo. Chini ya mawe mambo yalikuwa tofauti: udongo mweusi, wenye ubaridi, unashikana ukiufinya.

Hapa nataka nieleze jambo linaloendesha maisha yote ya tandu, yaani maji. Wadudu wengi wa nchi kavu wana tabaka la nta juu ya gamba, na matundu yao ya kupumulia yana vifuniko vya kufunga hewa inapokauka. Gamba la tandu halina kinga ya nta ya kutosha, na matundu yake kwa kawaida hayafungiki. Kila saa anayokaa kwenye hewa kavu, maji yanamtoka. Ndiyo maana hutembea usiku, hujificha mchana, na hupenda mahali ambapo mwili wake unagusana na kitu juu na chini kwa pamoja. Jangwani nako yumo, lakini mchana unamkuta ndani kabisa ya nyufa na mashimo. Amefika hata ndani ya Mzingo wa Aktiki, na katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Kila alikofika anatafuta unyevunyevu uleule.

Chini ya jiwe moja pana kulikuwa na tandu wa mawe, sentimita mbili na nusu hivi, na nilimpitisha chini ya lenzi kwa muda mrefu. Mabamba ya mgongoni hayalingani: refu, fupi, refu, fupi. Ukifika katikati mpangilio unaruka, na bamba la 7 na la 8 yote mawili ni marefu. Mpangilio huo una faida kwenye mbio, kwa sababu mabamba marefu yanafunika maungio na kumzuia asiyumbe kushoto na kulia anapokimbia. Matundu ya kupumulia nayo yanafuata mabamba marefu. Hata yule Scolopendra wa Jumatatu, ambaye mabamba yake yanakaribia kulingana, ana kumbukumbu ya mpangilio huu: matundu yake yako kwenye pingili ya 3, ya 5, kisha ya 8, ya 10 na kuendelea kwa kuruka mojamoja hadi ya 20. Nilikuwa nimeyaona ubavuni mwake, vijitundu vyenye umbo la pembetatu, juu kidogo ya maungio ya miguu.

Mzee aliitazama lenzi, akauliza kwa nini huyu ni mwekundu-kahawia na yule wa msituni ana kijani. Nilimjibu kwamba wa jamii moja wanaweza hata kutofautiana wao kwa wao, na kwamba rangi ni kitu cha mwisho cha kumtambulia tandu. Hesabu miguu kwanza.

Alhamisi

Mvua siku nzima. Mto umefurika na hatukuweza kuvuka.

Nilikaa nikimfikiria tandu wa Kusini-Mashariki mwa Asia anayeitwa Scolopendra cataracta, aliyetambulishwa rasmi kwa sayansi mwaka 2016. Anapatikana Thailand, Laos na Vietnam, anafika sentimita 20, na akishtuliwa kando ya kijito hukimbilia majini badala ya kuyakimbia. Huogelea kwa kuupinda mwili na anaweza kukimbia chini ya maji kwenye kitanda cha mto. Tandu wa kawaida akifurikiwa hupanda juu. Magogo ya kingo za mto yatakuwa matupu kesho.

Ijumaa, pangoni

Yalikuwa matupu kweli, nasi tukaendelea hadi kwenye pango lililo juu ya kingo.

Mlangoni, pale mwanga unapoanza kuisha, ukutani walikuwepo tandu wa miguu mirefu. Hawa ndio ninaowapenda kuliko wote. Kiwiliwili kifupi, sentimita tatu hivi, kimeinuliwa mbali na ukuta na jozi 15 za miguu myembamba inayozidi kurefuka kadiri unavyokwenda nyuma. Urefu huo usiolingana unaufanya mguu wa nyuma ukanyage nje ya ule wa mbele bila kugongana. Sehemu ya mwisho ya kila mguu imegawanyika katika vijipingili vingi vidogo, kiasi kwamba inapinda na kumzunguka mdudu aliyekamatwa. Mmoja alikimbia ukutani nikashindwa kumfuata kwa tochi.

Mwili huu umejengwa kwa ajili ya mahali pa wazi, si kwa upenyo. Macho yake ni makubwa, yameundwa na vijilenzi vingi vilivyokaa pamoja, na hakuna tandu wengine wenye macho ya namna hiyo. Matundu ya kupumulia hayako ubavuni. Yako mgongoni, moja moja katikati ya mabamba, jumla 7, na damu yake ina protini ya kubeba oksijeni. Mkimbiaji anahitaji hewa nyingi kwa haraka. Ndugu yake, Scutigera coleoptrata, asili yake ni eneo la Bahari ya Mediterania, naye amewafuata watu hadi ndani ya nyumba karibu duniani kote. Ukimkuta bafuni, amefuata unyevunyevu na wadudu waliomo.

Mmoja alikuwa na miguu mitatu pungufu upande wa kulia. Akishikwa mguu huuacha, nao hubaki ukicheza peke yake na kumshughulisha adui. Huota tena anapojivua gamba.

Ndani zaidi, kwenye giza kamili, hatukupata tandu hata mmoja, ingawa popo walikuwepo wengi. Kuna mapango ambako hali si hiyo. Katika pango moja la Venezuela watafiti waliandika mwaka 2005 jinsi Scolopendra gigantea, anayefika sentimita 30, anavyopanda darini, anajishikilia kwa miguu ya nyuma, anauachia mwili wa mbele uning'inie hewani na kukamata popo. Na huko Kroatia, katika mapango ya mlima Velebit, alitambulishwa mwaka 2015 Geophilus hadesi, aliyepatikana hadi mita 1,100 chini ya ardhi. Hana macho, vipapasio vyake ni virefu kupita vya ndugu zake wa juu, na kucha za miguu zimerefuka. Ungemwona mwili tu, bila kuambiwa alikotoka, ungesema: huyu ni wa pangoni.

Jumamosi, tambarare

Ardhi ya kichanga, nyasi, kichuguu hapa na pale. Hakuna gogo wala jiwe. Tulichimba kwenye mizizi ya mti mmoja uliosimama peke yake na kwenye kina cha kiganja tukampata tandu wa udongo.

Mara ya kwanza unaweza kumpita ukidhani ni mzizi. Mwembamba kama uzi wa mkonge, rangi ya majani makavu, urefu sentimita 6. Nilimlaza juu ya karatasi nyeupe nikaanza kuhesabu miguu kwa lenzi, nikimzuia kwa brashi. Jozi 57. Katika jamii hii idadi inabadilika kutoka spishi hadi spishi, na mara nyingi hata kati ya dume na jike, lakini daima ni witiri. Kwa tandu wote waliokomaa duniani, jozi za miguu ni kati ya 15 na 191, na hesabu haiishii kwenye shufwa isipokuwa kwa kiumbe mwenye kasoro ya nadra sana. Hivyo anayetafuta tandu mwenye miguu 100 kamili, yaani jozi 50, anatafuta kisichokuwepo katika mpango wa kawaida wa mwili huu.

Hana jicho hata moja. Nilipomwekea udongo kidogo mbele yake akaanza kuchimba, na hakuchimba kwa miguu. Alijifupisha akanenepa, akausukuma udongo pembeni, akajirefusha mbele, akajifupisha tena. Nyungunyungu hufanya hivyohivyo. Miguu mifupi ilikuwa ikishikilia tu sehemu iliyonenepa isirudi nyuma. Kati ya pingili zake kuna ngozi laini inayokunjuka, na ndiyo inayoruhusu mwendo huo. Matundu ya kupumulia yapo karibu kila pingili yenye miguu, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho: udongoni hewa huingia kidogo kidogo na mwili mrefu unahitaji milango mingi.

Nilimwonyesha mzee. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu nimemlima maisha yangu yote sijamjua."

Baadhi ya tandu wa udongo hutoa utomvu unaong'aa gizani wanaposhambuliwa. Orphnaeus wa nchi za joto ni mmojawapo. Tulizima tochi usiku tukamgusa huyu kwa brashi. Hakung'aa.

Jioni, karibu na kichuguu, tuliona nyoka mdogo mwembamba akipenya kwenye ufa. Hatukuweza kumtambua. Barani Afrika wapo nyoka wa jamii ya Aparallactus ambao chakula chao kikuu ni tandu. Mwindaji naye ana wa kumwinda, pamoja na sumu yake yote.

Jumapili, ufukweni

Tumefika baharini maji yakiwa yamekupwa. Nilikuwa na shaka na siku ya leo kuliko zote. Chumvi hufyonza maji mwilini, na mnyama anayepoteza maji kirahisi hivyo angetaka nini hapa?

Tulianzia juu, kwenye mstari wa mwani uliotupwa na mawimbi. Chini ya mwani uliooza kulikuwa na joto, unyevunyevu, na vijidudu na viroboto wa ufukweni kwa mamia. Chakula kipo, basi. Kisha mzee akageuza kokoto kubwa iliyozama nusu kwenye changarawe, na wakawepo: tandu wembamba, wekundu-manjano, watano pamoja wamesokotana. Wa jamii ileile ya udongo, mwili uleule wa jana. Upenyo kati ya kokoto ni upenyo kama wa kati ya chembe za udongo, na mwili mrefu mwembamba unafaa kote kuwili.

Spishi za namna hii zimechunguzwa sana kwenye pwani za kaskazini-magharibi mwa Ulaya, hasa Strigamia maritima, tandu wa kwanza ambaye jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake ya urithi, ilisomwa na kuchapishwa, mwaka 2014. Ilionekana kwamba amepoteza jeni za protini zinazonasa mwanga machoni, na hata zile za saa ya mwili inayotambua usiku na mchana. Ajabu ni kwamba bado huukimbia mwanga. Niliwajaribu hawa watano kwa tochi, nikiwafunika nusu kwa kiganja. Wote waliingia upande wa kivuli ndani ya sekunde chache. Nikahamisha kiganja, wakahama.

Mzee aliuliza wanafanyaje bahari ikirudi. Tandu wa ufukweni huvumilia kuzama saa nyingi kwenye maji ya chumvi, na vipovu vya hewa hunaswa kati ya kokoto na kwenye mikunjo ya mwani. Lakini nilitaka kuona, kwa hiyo tukasubiri. Maji yalipofika mita mbili kutoka kwenye kokoto zetu tuliinua tena ile ya kwanza, taratibu. Wawili walikuwa wameshaondoka. Tuliwapata hatua moja juu, chini ya mwani, vipapasio mbele, wakipanda. Watatu walikuwa bado palepale, wameshuka tu ndani zaidi ya changarawe.

Nimeandika vipimo: sentimita 3 hadi 4, jozi 49 kwa yule niliyeweza kumhesabu hadi mwisho. Kokoto tumezirudisha. Saa kumi na nusu mawimbi yamezifunika zote.